Kabla Hajaitwa Tatu

Kurasa za kwanza za shajara ya safari ya Ernesto Guevara hazina mapinduzi ndani yake. Zina pikipiki kuukuu inayoanguka kila baada ya muda, mbwa mdogo anayeitwa Come-back, na mchumba anayeagwa katika mji wa pwani wa Miramar kwa kuaga kusikokwisha. Mwandishi ana miaka 23. Ni mwanafunzi wa udaktari ambaye hajamaliza masomo, ana pumu, na Januari 1952 anaondoka Buenos Aires pamoja na rafiki yake Alberto Granado, mtaalamu wa biokemia aliyemzidi umri kwa miaka sita hivi. Pikipiki yao, Norton ya cc 500, wameipa jina la Kihispania lenye maana ya "Mwenye Nguvu". Nguvu zenyewe zinaishia Chile. Kuanzia hapo wanaomba lifti kwenye malori, wanalala panapopatikana, na wanakula kwa ujanja. Huko Temuco gazeti linawaandika kama wataalamu wakubwa wa ugonjwa wa ukoma, na habari hiyo inawafungulia milango ambayo jana yake ilikuwa imefungwa.

Msomaji anayemtafuta Che wa bereti na nyota atafungua kurasa nyingi bila kumwona. Hapa Mtwara uso wake uko kwenye vioo vya daladala na kwenye madigadi ya bodaboda. Nikimtazama sasa nakumbuka kwamba pikipiki ya mwenye uso huo ilimfia njiani.

Nilianza kuisoma shajara hiyo mwaka huu, katika miezi niliyorudi nyumbani kukusanya habari za tasnifu yangu ya uzamili. Tasnifu inahusu watu waliovuka Mto Ruvuma kati ya 1960 na 1975: wakimbizi, wapiganaji, wachukuzi. Amerika Kusini haimo kabisa. Lakini lipo andiko jingine la ujana wa mwanamapinduzi, lililotokana na safari ya kuuvuka mto wetu huu, ambalo kila nikilisoma linanikaba. Nilitaka kitu cha kulilinganisha nalo.

Andiko hilo ni la Yoweri Museveni. Mwaka 1968 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwenyekiti wa USARF, umoja wa wanafunzi wenye mwelekeo wa kimapinduzi uliowakutanisha vijana wa nchi mbalimbali za Afrika. Mwaka huo aliongoza kundi la wanafunzi wenzake kwenda kuona maeneo ya kaskazini mwa Msumbiji yaliyokuwa yamekombolewa na FRELIMO. Alikuwa na umri wa miaka 24. Aliporudi aliandika insha kuhusu nadharia ya Frantz Fanon juu ya matumizi ya nguvu, na jinsi alivyoona nadharia hiyo ikithibitika katika Msumbiji iliyokombolewa. Insha ilichapishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mkusanyiko uliohaririwa na Nathan Shamuyarira, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri Zimbabwe.

Vijana wawili, basi, wa umri unaokaribiana na wangu. Wote wawili wanasafiri kabla hawajawa kitu. Wote wawili baadaye wanaingia msituni na kushinda vita; mmoja anauawa Bolivia Oktoba 1967, mwingine anaingia Ikulu ya Uganda Januari 1986 na yuko madarakani hadi leo. Ukiyajua hayo, ni vigumu sana kusoma walichoandika ujanani kama watu ambao wangeweza kuishia kwingine.

Kwa msomaji asiyeijua kusini, nieleze kidogo mto wenyewe. Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unasafiri kuelekea mashariki, na unaingia Bahari ya Hindi kusini mwa Msimbati, kati ya mikoko na mafungu ya mchanga. Wajerumani na Wareno waliufanya mpaka, na bado waligombea mdomo wake: kipande cha Kionga, upande wa kusini, kilikuwa cha Wajerumani hadi Wareno walipokichukua mwaka 1916. Wamakonde wako kote kote. Kwa miongo mingi watu wa upande wa Msumbiji walivuka kuja Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakikimbia kodi na kazi za shokoa za Wareno. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda. Idadi ya waliouawa bado inabishaniwa na wanahistoria, lakini hakuna anayebisha kwamba baada ya siku ile wavukaji waliongezeka na sababu za kuvuka zilibadilika.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Kusini yote ya Tanzania ikawa ua wa nyuma wa vita hivyo. Kule Nachingwea, ambako Waingereza walikuwa wameshindwa kulima karanga baada ya kumwaga mamilioni ya pauni, shamba mojawapo la mradi ule liligeuzwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo hizo, ilipata kazi nyingine. FRELIMO ilikuwa na hospitali yake hapa Mtwara, ambako majeruhi waliletwa kutoka ng'ambo. Na ugomvi wa ndani wa chama nao ulifika: Desemba 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa mkoani hapa. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Alikuwa mtu wa vitabu, aliyewahi kufundisha chuo kikuu Marekani.

Hiyo ndiyo njia aliyopita mwanafunzi wa Uganda mwaka 1968.

Sasa nirudi kwenye kusoma. Jambo la kwanza ambalo shajara ya Guevara inamfunza mwanahistoria ni kwamba si shajara hasa. Aliandika daftari njiani, kisha akarudi nyumbani akaziandika upya kuwa masimulizi yenye sura na vichwa. Hakulificha hilo. Mwanzoni kabisa anamwonya msomaji kwamba yule aliyeandika daftari alikufa siku aliporudi kukanyaga ardhi ya Argentina, na kwamba anayezipanga kurasa ni mtu mwingine. Kitabu chenyewe kilichapishwa miaka ya 1990, robo karne baada ya kifo chake, wakati dunia nzima ilikuwa imekwisha kumjua. Kwa hiyo kati ya baridi ya usiku fulani wa mwaka 1952 na mimi ninayesoma kwenye simu mtaani Shangani, kuna mikono mingi: mkono wa kijana wa daftari, mkono wa kijana aliyerudi, mikono ya familia na wahariri, mkono wa mfasiri. Katika darasa la mbinu za utafiti tunafundishwa kuiheshimu shajara kuliko kumbukumbu za uzeeni, kwa kuwa iliandikwa tukio likiwa bichi. Ni kanuni nzuri, lakini ubichi nao una viwango vyake.

Jambo la pili ni usiku wenyewe. Ndipo nilipofika sasa katika kusoma: kaskazini mwa Chile, njiani kuelekea mgodi wa shaba wa Chuquicamata. Guevara na Granado wanakutana na mume na mke, wafanyakazi, wakomunisti. Chama chao kimepigwa marufuku kisheria tangu 1948. Mume ametoka kifungoni, na anaelekea mgodini kutafuta kibarua ambacho wengine hawakitaki. Hawana hata blanketi moja. Vijana wanawapa la kwao moja na wenyewe wanajikunja ndani ya lililobaki. Guevara anaandika kuhusu baridi ile, na anasema ilimsogeza karibu na watu ambao kwake walikuwa wageni. Hatoi hotuba ndefu. Hana bado cha kuhutubia. Anaona wanandoa wanaotetemeka, na msomaji anamwona akiona.

Insha ya Museveni haina usiku wa namna hiyo. Lazima niwe mwadilifu hapa: haikukusudiwa kuwa shajara. Ni insha ya chuo, imejengwa kwa hoja, na safari imo ndani yake kama ushahidi. Lakini tofauti hiyo ndiyo inayonishughulisha. Guevara aliondoka bila kujua anatafuta nini. Museveni alivuka Ruvuma akiwa na Fanon kichwani, akienda kuhakikisha. Fanon alikuwa amefundisha kwamba mkoloni anatawala kwanza kwa hofu aliyoipanda moyoni mwa mtawaliwa, na kwamba nguvu za silaha humtoa mtawaliwa katika hofu hiyo. Museveni anaripoti kwamba aliyoyakuta Cabo Delgado yanakubaliana na hayo: mkulima aliyekuwa akimwona Mreno kama kiumbe kisichoshindika alibadilika alipoona anaweza kufa. Na anataja njia iliyotumika. Anasema ilionekana ni lazima kuwaonyesha wakulima vipande vya mwili wa askari wa Kireno aliyelipuliwa na bomu la ardhini, au, vizuri zaidi, kichwa chake.

Mara ya kwanza niliposoma sentensi hiyo nilikuwa maktaba, na niliinakili kwenye kadi ya utafiti kama ninavyonakili nyingine zote, chini ya mada "Nguvu na hofu". Baadaye nikaisoma tena nikiwa hapa, na haikukaa tena kwenye kadi.

Sababu yake ni ya karibu. Tangu Oktoba 2017, kulipofanyika shambulio la Mocímboa da Praia, Cabo Delgado iko tena vitani. Wapiganaji wa vita hivi si FRELIMO, wala hawadai wanayodai watu wa 1964. Lakini nao wanajua kazi ya kichwa cha mtu kilichowekwa hadharani. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto na kuvamia kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Machi 2021 ilishambuliwa Palma, na watu wakakimbia tena kuelekea mtoni, kama bibi zao walivyokimbia. Katika familia nyingi za Mtwara habari hizo hazikuletwa na redio. Zililetwa na ndugu waliokuja kulala sebuleni.

Simlinganishi kijana wa USARF na wauaji wa Kitaya. Kufanya hivyo ni uvivu. FRELIMO ilipigana na dola ya kikoloni iliyokuwa imefunga kila mlango mwingine, na Tanzania ilifanya jambo la haki kuisaidia; hilo naliamini. Ninachosema ni kwamba sentensi ile inaonyesha mtu anayetazama kichwa cha binadamu na kukihesabu kama kifaa cha kufundishia. Inawezekana vita viliwafikisha watu huko. Lakini aliyeandika hakuwa vitani bado. Alikuwa mgeni, mwanafunzi, na angeweza kuandika kwamba alitetemeka.

Hapo ndipo mtego ulipo, na ningependa wenzangu wanaosoma historia wauone. Ni rahisi kuichukua sentensi ile na kuivuta hadi leo: huyu hapa, tangu akiwa na miaka 24, ndiye yule yule aliyeshambulia kambi ya Kabamba Februari 1981, ambaye chini yake ukomo wa vipindi vya urais uliondolewa mwaka 2005 na ukomo wa umri mwaka 2017. Ni rahisi vilevile kuchukua lile blanketi la Chile na kulivuta hadi Kuba, tukapata mtakatifu. Lakini Guevara huyo huyo wa blanketi, miaka saba tu baadaye, alisimamia hukumu za kifo katika ngome ya La Cabaña mjini Havana. Blanketi halikumzuia. Na wanafunzi wengi waliomsoma Fanon pale Mlimani miaka ile wakaishia kuwa walimu, wanasheria na mabwana shamba. Sentensi za ujana ni ushahidi wa ujana. Zinatuonyesha mlango uliokuwa wazi, na mwenyewe angeweza asiupite.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Nasoma mara mbili. Mara ya kwanza najilazimisha kusahau mwisho: Guevara ni kijana mwenye pumu asiye na nauli, Museveni ni mwanafunzi aliyekwenda likizo mahali pa hatari. Mara ya pili naurudisha mwisho, na natazama ni wapi umejipenyeza bila mimi kuuita. Ni kazi ya polepole. Katika wiki tatu sijafika hata Peru.

Lakini kuna andiko la tatu, ambalo halipo. Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma akiwa msichana, kutoka uwanda wa juu wa Mueda kuja upande huu, na kisha akarudi mara nyingi, akiwa na mzigo kichwani. FRELIMO haikuwa na malori ndani ya Cabo Delgado. Risasi, dawa, madaftari ya shule na chumvi viliingia kwa miguu ya watu, na sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wanawake. Vitabu vinalitaja hilo kwa aya moja moja, kwa kawaida aya ya sifa. Mgeni yeyote aliyetembelea maeneo yaliyokombolewa, awe mwandishi wa habari kutoka Ulaya au mwanafunzi wa Dar es Salaam, alipita njia zilizoshikiliwa na wachukuzi hao.

Nimekuwa nikimhoji jioni, mama yangu akikaa nasi, kwa sababu Bibi akichoka na Kiswahili anahamia Kimakonde cha zamani. Hakumbuki miaka. Anakumbuka mizigo. Anasema chumvi ilikuwa mbaya kuliko risasi, maana mvua ikinyesha chumvi inayeyuka na kukutiririkia machoni, na ukifika wanakuuliza imepungua kwa nini. Nilimwuliza kama aliwahi kuwaona wageni waliokuja kutembelea.

"Tuliwaona," alisema. "Walikuwa wakiandika."

"Waliandika nini, Bibi?"

"Sasa mjukuu wangu, mimi ningejuaje? Hawakutuuliza kitu."

Mama alicheka. Bibi hakucheka, wala hakusema kwa uchungu. Aliendelea kuchambua mboga yake.

Jibu hilo lilinipeleka kwenye kitabu kingine cha Guevara, ingawa nilikuwa nimejizuia kukigusa kabla ya kumaliza hiki. Februari 1965 alikuwa Dar es Salaam, ambako alikutana na wapigania uhuru wa nchi nyingi na kuwapendekezea wapate mafunzo ya vita Kongo badala ya Kuba. Pendekezo lake lilipokelewa kwa ubaridi. Aprili akarudi kwa siri, na kutoka Kigoma akavuka Ziwa Tanganyika. Wakuba waliotangulia walipewa majina ya hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, naye Guevara akawa Tatu. Miezi saba baadaye walivuka tena ziwa, wameshindwa. Akajifungia katika ubalozi wa Kuba mjini Dar es Salaam na kuandika habari za Kongo, akitamka tangu mwanzo kwamba ni habari za kushindwa.

Mwishoni mwa kitabu hicho anajihukumu mwenyewe. Miongoni mwa makosa anayoyahesabu limo hili: kwamba hakujifunza Kiswahili vya kutosha. Alijua Kifaransa, na Kifaransa kilimtosha kuzungumza na viongozi, hivyo kikamtenga na askari wa kawaida.

Niliposoma hayo nilielewa vizuri zaidi usiku wa Chuquicamata. Yule mfanyakazi na mkewe walimsimulia maisha yao kwa Kihispania, lugha ya mama yake, gizani, bila mkalimani. Kijana aliweza kusikiliza kwa sababu hakukuwa na kitu kati yao isipokuwa baridi. Miaka kumi na mitatu baadaye alikuwa na silaha, jina la vita na nadharia kamili, na watu aliokuja kuwasaidia walikuwa wakizungumza pembeni yake lugha ambayo yeye mwenyewe alipewa jina kutoka ndani yake.

Katika tasnifu yangu insha ya Museveni itakuwa na nafasi yake, kwa kuwa ni shahidi muhimu wa jinsi wasomi wa Dar es Salaam walivyoutazama mto huu mwaka 1968. Nitainukuu kikamilifu, pamoja na ile sentensi. Lakini sura ya kwanza nimeamua ianze na chumvi. Bibi amekubali nirekodi, kwa sharti kwamba nikiandika nimsomee kwa sauti, neno kwa neno, ili aone kama nimeandika aliyoyasema au niliyokwenda nayo.